Kifo na Maana ya Maisha: Mfano wa Wambuti wa Epulu

Je, maisha yaweza kuwa na maana pasipo imani ya Mungu Muumba na ahera? Swali hili, linalojitokeza pia katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), lina mfano wa kutafakariwa huko Epulu, katika msitu wa Ituri. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti wa huko katika miaka ya 1950, alieleza katika The Forest People (1961) kwamba hawakudai kujua yanayomfika mtu baada ya kufa. Msiba mkubwa ulipotokea walifanya molimo: wanaume waliimba usiku baada ya usiku ili kuuamsha msitu, mlezi wao. Baragumu lake liliweza hata kuwa bomba la chuma; kilichothaminiwa ni sauti, si chombo.

Hata hivyo, kuwaita Wambuti wakanamungu ni kupotosha. Padri Paul Schebesta, aliyewatafiti kabla ya Turnbull, aliona kwao imani ya Mungu. Lakini kwa maelezo ya Turnbull, faraja ya wafiwa haikuegemea ahadi ya ahera, bali wenzao waliobaki na msitu uliowalea.