Kirusi cha mafua kilichopashwa moto hufanya nini ndani ya yai?



Mwezi uliopita tulitembelea kikundi cha akina mama wanaofuga kuku wa kienyeji. Walikuwa wamechanga pesa wakanunua chupa ya chanjo ya kideri, ile aina inayotaka barafu kila wakati. Aliyetumwa sokoni akaiweka ndani ya mkoba pamoja na kipande cha barafu, akapanda matatu. Gari likaharibika njiani. Alipofika jioni barafu ilikuwa imeyeyuka zamani na chupa ilikuwa na joto. Wakachanja hivyo hivyo, maana pesa ilikuwa imeshatoka. Baada ya wiki sita kideri kikaingia kijijini, na kati ya kuku 74 wakabaki na 11.

Tulipowaeleza kwamba joto liliua chanjo, mama mmoja akatushika kwa swali. "Mwalimu," akasema, "kijana wangu anasoma sekondari, na amenisomea kitabuni ati kirusi kilichouawa kwa moto kinaweza kuzuia kirusi kizima kisiingie ndani ya yai. Sasa mbona chetu hakikuzuia?"

Hapo tulijikuna kichwa. Kijana alikuwa amesoma sawasawa. Basi tukaahidi kujibu hapa, na jibu lenyewe linaanzia kwenye yai.

Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake kama viini vingine vinavyoota kwenye maziwa yaliyolala. Lazima kiingie ndani ya chembe hai, yaani vile vijumba vidogo sana ambavyo mwili umejengwa navyo, kisha kiilazimishe chembe hiyo itengeneze virusi vingine. Kwa hiyo mtaalamu anayetaka virusi vingi anatafuta kitu hai, cha bei nafuu, kilichofungwa vizuri. Mwaka wa 1931 huko Marekani, Alice Woodruff na Ernest Goodpasture walionyesha kwamba kirusi cha ndui ya kuku hukua vizuri katika yai lenye kifaranga. Kirusi cha mafua ya binadamu kilipatikana London mwaka wa 1933, na haikuchukua miaka mingi nacho kikaingizwa kwenye yai. Mpaka leo sehemu kubwa ya chanjo ya mafua duniani hutengenezwa kwa mayai.

Nyinyi mnaoatamisha kuku mnajua yai huchukua siku 21. Maabara huchukua yai la siku 9 hadi 11 hivi, wakalimulika kama nyinyi mnavyomulika kwa tochi, wakaona mishipa ya damu. Wakatoboa ganda kidogo na kuingiza virusi katika maji yanayomzunguka kifaranga. Ndani ya ganda kuna utando mwembamba wenye mishipa, ule mnaouona mkivunja yai lililoatamiwa. Chembe za tando hizo ndizo kirusi huzipenda. Baada ya siku mbili tatu maji ya yai yamejaa virusi.

Utajuaje kama vimejaa, na havionekani kwa macho? Mwaka wa 1941 George Hirst, naye wa Marekani, aliona kwamba kirusi cha mafua hushikamanisha chembe nyekundu za damu ya kuku. Ukichanganya maji ya yai na damu kidogo iliyozimuliwa, kama virusi vipo damu hushikana na kutanda. Kama havipo, inatulia chini ya chupa kama kifungo chekundu. Ni kipimo rahisi hata sisi tusio madaktari tunakielewa.

Sasa tuje kwenye moto. Kirusi cha mafua kina ganda la nje lenye vishikizo vya kunasa chembe, na ndani kina maagizo ya kuzaana. Ukikipasha kwa nyuzi 56 za sentigredi kwa muda wa saa moja, hakizaani tena. Lakini moto huo si wa kuchemsha chai. Kirusi hakijasambaratika, bado kinaweza kushika chembe. Kwa lugha ya nyumbani, ni mwizi aliyevunjika mikono: hawezi kuiba, lakini bado anakuja kubisha mlango usiku. (Ukizidisha moto mpaka maji yachemke, hata huo mlango hautabishwa.)

Wataalamu walikuwa wameona tangu miaka ya 1940 kwamba yai lililopewa kwanza kirusi kilichouawa, halafu kirusi kizima, halijai virusi kama ilivyotarajiwa. Kilichokufa kimekizuia kilicho hai! Wengine walidhani ni suala la nafasi, yaani yule mfu amekaa mlangoni na aliye hai hapati pa kupita.

Mwaka wa 1957, katika maabara ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, London, Alick Isaacs wa Uskoti na Jean Lindenmann wa Uswisi waliamua kuchunguza jambo hili. Walichukua vipande vya utando wa yai, wakaviweka katika maji yenye chumvi pamoja na kirusi cha mafua kilichopashwa moto, vikakaa kwenye joto la mwili kwa saa 24. Kisha, na hapa ndipo penye maana, wakayachukua yale maji wakayatia kwenye vipande vipya ambavyo havikuwa vimeguswa na kirusi chochote. Wakaleta kirusi kizima. Kikashindwa kuzaana vizuri hata kwenye vipande hivyo vipya.

Kwa hiyo si kwamba mfu alikuwa amekaa mlangoni. Chembe zilizobishiwa mlango zilikuwa zimepiga nduru, na nduru hiyo ilikuwa ndani ya maji. Majirani wakisikia nduru hawangoji kumwona mwizi, wanafunga komeo. Kitu hicho kinachotolewa na chembe wakakiita intaferoni. Ni protini, haimuui mwizi yenyewe, inaziambia chembe nyingine zijifunge. Tena haichagui: nduru iliyopigwa kwa sababu ya mafua inaweza kuzuia kirusi cha aina nyingine. Hata miili yetu hufanya hivyo hivyo tukishikwa na homa ya mafua.

Kwetu Kenya jina hilo si geni. Mwaka wa 1990, wakati wengi wetu tulikuwa bado watoto wa shule, KEMRI ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron, nayo ilikuwa intaferoni kidogo sana ya kuwekwa mdomoni kwa wagonjwa wa UKIMWI. Matumaini yalikuwa makubwa mno. Majaribio yaliyofuata, mojawapo likifanywa Kampala na kuchapishwa mwaka wa 1998, hayakuona faida yake. Intaferoni ya sindano ilikuja kutumika kwa magonjwa mengine, kama homa ya ini ya virusi, na ni dawa yenye kuchosha mwili. Tunalitaja hili kwa sababu jambo likiwa kweli ndani ya yai si lazima liwe kweli ndani ya mtu, na mtu akija kijijini kuuza chupa kwa maneno ya maabara, ulizeni limejaribiwa kwa nani.

Turudi kwa mama yetu na kuku wake. Kwanza, kideri si mafua, ni kirusi kingine, ingawa nacho hukuzwa kwenye mayai. Pili, ile nduru hudumu siku chache tu. Majirani hawawezi kufunga komeo mwezi mzima. Kuku wa kikundi walishambuliwa baada ya wiki sita. Tatu, kule maabara chembe zilipewa virusi vilivyopashwa moto kwa wingi, tena moja kwa moja. Chanjo ya tone la jicho ina virusi hai wachache waliodhoofishwa, na kazi yao ni kuzaana kidogo ndani ya kuku mpaka mwili ujifunze sura ya adui na kuikumbuka. Kujifunza huko huchukua wiki moja hadi mbili na hukaa miezi. Kirusi kikifa ndani ya mkoba hakizaani, na tone moja la virusi mfu ni kidogo mno kumfundisha kuku chochote.

Zipo pia chanjo za virusi vilivyouawa, lakini hizo huuawa kiwandani kwa dawa, hutiwa nyingi, mara nyingi ndani ya mafuta, na hupigwa kwa sindano. Si sawa na chupa iliyosahaulika juani.

Kwa vijiji vya mbali ipo chanjo ya kideri iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia katika Chuo Kikuu cha Queensland kwa ajili ya kuku wa kienyeji. Bado ni kirusi hai, ila kinavumilia joto zaidi, kinaweza kukaa wiki kadhaa nje ya friji. Nayo isiachwe juani. Hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Ulizeni duka la dawa za mifugo kama wanayo kabla ya kuchanga pesa, na mkipewa ile ya barafu, bebeni chupa ya chai iliyojaa barafu, si mkoba.

Kikundi kile kimeanza upya na kuku 11. Chanjo wameamua watainunua siku ya soko, asubuhi, na atakayetumwa atarudi kwa bodaboda. Nauli ya bodaboda wameiandika katika daftari la mweka hazina kama sehemu ya bei ya chanjo.