Mbegu za Vuli: Ziliwe au Zipandwe?

Zombe ni mji mdogo ulio upande wa mashariki wa mji wa Kitui, katika nchi ya Wakamba. Nchi hiyo ni kavu. Mito yake kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na wanawake huchimba mchangani ndipo wapate maji. Mvua ni za mara mbili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba. Mgeni hudhani kwamba masika ndiyo mvua kubwa, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Kenya. Lakini Kitui itegemewayo zaidi ni vuli. Vuli ikikosa, njaa hubisha hodi.

Mfano wa jamaa moja utaeleza jambo hili. Haitajwi jina, kwa kuwa yaweza kuwa jamaa yoyote ya huko. Yuko baba, mama, nyanya na watoto watano, na shamba la ekari nne. Ghala ni tupu. Kilichosalia ni debe moja la mahindi ya mbegu, na vibuyu vitatu vya kunde, ndengu na mtama, ambavyo nyanya alivichanganya na majivu ili visiliwe na wadudu. Mwisho wa Oktoba mawingu yakatanda, mvua ikanyesha jioni moja. Asubuhi baba akashika jembe, akataka kupanda mbegu zote.

Nyanya akamwambia, "Mwanangu, mvua ya kwanza ni mgeni apigaye hodi. Hujui kama atalala."

Baba akajibu, "Ni kweli, mama, lakini tukichelewa mahindi yatatoa maua mvua imekwisha kwenda zake."

Maneno ya wote wawili yana kweli, na hapo ndipo penye shida. Mvua ndogo hulowesha udongo wa juu tu. Mbegu huota, kisha jua huiua. Lakini vuli ni fupi. Nguvu yake ni mwezi wa Novemba, na mkulima aliyechelewa huvuna mabua. Dawa yake ni kuchimba kidogo na kutazama: udongo ukiwa mkavu chini ya inchi mbili au tatu, mvua hiyo bado haijatosha. Tena yafaa mbegu zigawanywe. Fungu moja lipandwe mapema, kabla ya mvua, tena kwa kina, lisiamshwe na manyunyu. La pili lipandwe udongo ulipokwisha kulowa vema. La tatu libaki kibuyuni.

Aina ya mbegu nayo ina maana. Mahindi ya nchi za baridi hukaa shambani miezi mitano au zaidi, na vuli haiwezi kuyangoja. Mahindi ya Katumani, yaliyotoka katika kituo cha utafiti karibu na Machakos katika miaka ya 1960, hukomaa kwa miezi mitatu au minne. Ndengu na kunde huwa tayari kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Mtama na mawele huvumilia jua kuliko mahindi, ingawa lazima ndege wafukuzwe. Mbaazi ina mizizi mirefu, hungoja shambani na kuzaa katikati ya mwaka ufuatao.

Maji machache yanyeshayo yasiachwe kukimbilia mtoni. Katika Ukambani watu huchimba mitaro kwa kukingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Ndiyo maana kazi hiyo yaitwa "fanya juu". Ni kazi nzito kwa nyumba moja, lakini ni nyepesi kwa mwethya, yaani kundi la majirani wasaidianao kwa zamu.

Wazee hawajasahau mwaka 1961. Ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikaletwa kwa ndege. Wakamba wakaiita njaa hiyo Yua ya Ndeke. Tena, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Mwisho wa 2023 mvua ikaja kwa wingi mno. Aliyekuwa amekula mbegu zake zote aliitazama mvua hiyo mikono mitupu.

Jamaa ile ilifanyaje? Waliuza mbuzi wawili mapema, kabla watu wote hawajapeleka mifugo sokoni na bei kuanguka; wakanunua chakula, mbegu zikaokoka. Mahindi waliyopanda kwanza yalikauka. Ndengu zilizopandwa katikati ya Novemba zilistawi, na mwisho wa Januari watoto walikula ndengu za shamba lao. Fungu la tatu lilibaki kibuyuni kwa nyanya, likingoja masika. Akiba haiozi.