Mzigo wa Kusimama Tuli

Wanawake wa Msimbati huteremka mwambani kuchokoa pweza maji ya bamvua yanapokupwa, na kwa muda wote huo hawatulii: hupanda jiwe, hushuka dimbwini, hupekua tundu, husogea. Muuza samaki wa Feri, mjini Mtwara, naye hushinda wima, ila mahali pamoja, nyuma ya meza, juu ya sakafu ya saruji. Wote wawili watasema wameshinda kwa miguu. Kwa unyayo, hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Unyayo una mifupa 26, iliyopangwa ikapinda kutoka kisiginoni hadi mwanzo wa vidole, upande wa ndani ukiinuka zaidi. Chini yake umetandwa utando mgumu unaounga kisigino na vidole. Mwaka 1954 mtafiti wa Uingereza, J. H. Hicks, alieleza kazi ya utando huo: ukiinua kisigino kupiga hatua, vidole hukunjwa kuelekea juu, utando hukazwa, na upinde wote huinuka. Kila hatua, basi, huukaza upinde upya.

Ukisimama tuli, hakuna kinachoukaza. Je, misuli haiushikilii? Mwaka 1963 J. V. Basmajian na G. Stecko walipima umeme wa misuli ya mguu na unyayo kwa watu walioketi huku wamelemezwa mizigo. Mzigo wa kilo 45, hata 90, juu ya unyayo mmoja haukuiamsha misuli hiyo. Ulipofika takriban kilo 180 ndipo baadhi yake ilipoanza kufanya kazi, na mingine bado ilikaa kimya. Matokeo hayo hunishangaza kila ninapoyakumbuka: aliyesimama kimya hubebwa na mifupa na kano zake, na kano haziwezi kupokezana zamu.

Kano iliyovutwa kwa muda mrefu bila kuachiwa hurefuka kidogo kidogo. Upinde hushuka kwa milimita chache, unyayo hupanuka, na kiatu kilichokutosha asubuhi hukubana jioni. Uvimbe nao huchangia, kwa sababu msuli wa shavu la mguu ndio unaoisukuma damu kurudi juu, na msuli huo unahitaji mwendo. Unaweza kujionea mwenyewe: lowesha unyayo, kanyaga saruji kavu alfajiri, kisha rudia baada ya kazi, ulinganishe alama mbili.

Kwa wengi, mapumziko ya usiku hurudisha sehemu kubwa ya umbo hilo. Kwa hiyo si haki kusema kusimama peke yake humgeuza mtu kuwa na nyayo bapa. Upinde wa mtu mzima ukianguka moja kwa moja, mara nyingi kilichoharibika ni kano ya msuli unaopita nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Unene na kisukari huongeza hatari hiyo. Kinachohusishwa wazi zaidi na kazi ya kusimama ni maumivu ya kisigino, yale yanayochoma kwenye hatua za kwanza za asubuhi.

Utoto nao una neno lake. Nchini India, mwaka 1992, Rao na Joseph walichunguza watoto 2,300: nyayo bapa zilionekana kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu, na asilimia 2.8 ya waliokwenda pekupeku.

Mwenye kibanda, duka au wodi anaweza kufanya mambo yasiyo ghali: kigoda cha kuketia wateja wanapopungua, kipande cha mpira mnene cha kukanyagia, ruhusa ya kutembea kidogo kila baada ya muda. Anayesimama naye ainue visigino mara kadhaa, taratibu, huku akihudumia. Mjamzito atangulizwe kwenye kigoda hicho. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wanawake 49 tangu mwanzo wa ujauzito, ukakuta upinde umeshuka na nyayo zimerefuka, na miezi kadhaa baada ya kujifungua mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo.