Singo: kazi ya mikono ya somo

Siku chache kabla ya nikaha, biharusi wa Unguja hutiwa ndani. Hatumwi dukani, haketi barazani, jua halimgusi, na wageni wakibisha hodi huambiwa yumo chumbani. Humo chumbani pana kazi. Anasingwa: mwili mzima, kuanzia shingoni hadi nyayoni, husuguliwa kwa singo mpaka ngozi iliyokufa itoke na ile ya chini ijitokeze, laini na yenye kunukia. Anayemsinga ni somo wake, yaani mwanamke anayemfunda mambo ya unyumba, au mwanamke mwingine mtu mzima anayeijua kazi. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha arusi ya upande wa wanawake, kuliko ukumbi, kuliko gauni, kuliko hata hina ambayo ndiyo hupigwa picha.

Singo haina kipimo kimoja. Kila nyumba ina chake, na ukimuuliza mtu wa Pemba na mtu wa Mjini hutapata jibu linalofanana. Yasiyokosekana ni maua na viungo: asumini, mawaridi, mlangilangi, mrehani, vilua vikipatikana, karafuu na liwa. Maua huanikwa kivulini, maana jua kali huyapotezea harufu, kisha hutwangwa kinuni na kuchekechwa, na ule unga hukandwa kwa marashi ya waridi mpaka ushikane. Wengine huongeza unga wa dengu na manjano kidogo, na hapo unauona ujirani wetu na Wahindi, kwani wao pia humpaka biharusi wao manjano kabla ya ndoa.

Karafuu ndiyo inayotaka hadhari. Mafuta yake ndiyo yale yanayotia ganzi jino linalouma. Yakifika kwenye ngozi huleta joto, na yakizidi huchoma. Kwa hiyo karafuu ni ya mgongo, mikono na miguu. Uso hupewa liwa, iliyosuguliwa juu ya jiwe la msio kwa matone ya maji mpaka itoke uji mzito. Liwa hupoza. Somo anayechanganya haya mawili na kumpaka mtoto wa watu karafuu usoni huyo bado hajafundwa.

Biharusi huketi kwenye mkeka, kanga moja imefungwa kifuani. Somo hupaka tabaka jembamba la singo, husubiri lianze kukauka na kuikaza ngozi, lakini halingoji likauke kabisa. Hapo huanza kusugua kwa kiganja, polepole, kwenda na kurudi, na singo huanza kutoka vipande vidogo vilivyojiviringa, kila kimoja kimebeba nongo. Viwiko, magoti na visigino hupewa muda zaidi. Siku ya kwanza vipande vinavyoanguka mkekani huwa vimekoza weusi. Kadiri siku zinavyokwenda hutoka na rangi ya singo yenyewe, na somo huvitazama, kwani ndivyo anavyojua ngozi imefikia wapi. Baadaye ni maji ya vuguvugu, mafuta ya nazi, na moshi wa udi kutoka kwenye chetezo.

Kazi hii ina akili ndani yake. Ngozi hujibadilisha yenyewe. Kwa kijana, seli zinazozaliwa chini huchukua takriban siku 28 kupanda hadi juu, zikafa na kupukutika. Singo haimpi mtu rangi nyingine. Inaondoa kilichokwisha kufa kikaganda juu, ndiyo maana mafuta yanayofuata hukaa vizuri. Atakayekaza mkono kwa haraka ya kutaka kung'arisha atafika kwenye ngozi iliyo hai, na biharusi ataamka na wekundu na muwasho. Somo mzuri hana haraka.

Na asiyekuwa na haraka huzungumza. Wakati wa kusinga mgongo, somo huwa nyuma ya biharusi. Hawatazamani. Mambo ya unyumba, ambayo mama huona haya kumwambia mwanawe na mwana huona haya kumwuliza mama, husemwa hapo. Msichana anaweza kuuliza lolote akiwa ameinamisha kichwa, na akijibiwa hakuna anayeuona uso wake. Hufundishwa usafi wake na wa mumewe, namna ya kukaa na wakwe, lini anyamaze na lini asikubali kunyamaza. Tena mikono ya somo inampa kipimo: amekwisha kujua kushikwa kwa heshima kukoje, hivyo akishikwa vingine ataitambua tofauti. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwetu alijulikana pia kwa unyago, kazi ya kuwafunda wasichana. Si ajabu kwamba mtu mmoja aliheshimiwa kwa yote mawili.

Watawala walikuwa na njia yao ya kuogeshwa. Sayyid Said alijenga hamamu ya mawe huko Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga ile ya Hamamni mjini, ambayo watu wa mji waliweza kuitumia kwa kulipa. Hamamni iliacha kufanya kazi mwaka 1920. Singo, iliyohitaji mkeka na ua wa nyumba, haikufungwa.

Linaloniuma ni mkorogo. Kuna wasichana wanaoambiwa, na jamaa zao wenyewe, kwamba biharusi lazima awe mweupe, na badala ya singo hupakwa krimu zenye zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuiachia ngozi madoa meusi yasiyotoka. Serikali imevipiga marufuku vipodozi hivyo, lakini bado vinapatikana, na anayemnunulia biharusi anamdhuru mtu aliyekabidhiwa mikononi mwake.

Singo ya pakiti ni jambo jingine. Inauzwa madukani, watalii husingwa hotelini, na wanawake wanaoitwanga wanapata riziki. Sina ugomvi nao. Msichana anayeishi gorofani Dar es Salaam, asiye na ua wala kinu, akinunua pakiti iliyotengenezwa vizuri ngozi yake itapata haki yake. Ila akijisugua peke yake bafuni mgongo haufikii, na wa kumwuliza hayupo.

Familia nyingi sasa zinasema hakuna nafasi: biharusi yuko kazini hadi Alhamisi na ndoa ni Ijumaa. Lakini nafasi ya kufanya mazoezi ya kuingia ukumbini hupatikana. Ningeomba ipunguzwe hiyo. Kama siku saba za kukaa ndani hazipatikani, jioni tatu zinatosha: ya kwanza ya karafuu na kutoa nongo, ya pili ya singo ya maua kwa mkono mwepesi, ya tatu ya liwa na udi. Somo aarifiwe mapema ili aanike maua yake, na jioni hizo simu ziachwe nje ya chumba.