Pampu Izimikayo Ikisha Kupata Moto

Pampu ya petroli isiyowaka kabisa haisumbui kama ile iwakayo alfajiri na kuzimika saa moja baadaye. Ya kwanza huupeleka ubovu wake waziwazi mpaka kwa fundi. Ya pili huuficha. Ikiwa ya baridi huwaka kwa mvuto mmoja wa kamba, maji yakapanda bombani na wanachama wakaanza kumwagilia. Ikisha kupata moto hukohoa, hupungua nguvu na kuzimika. Huvutwa mpaka mikono ikachoka, isiwake. Ikiachwa kivulini ipoe, huwaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Fundi aliyeitwa kutoka Tabora mjini huikuta imepoa, huiwasha mbele ya kamati, hupokea ujira wake na kuondoka, na kesho yake ugonjwa ni ule ule.

Kwa vyama vya wakulima wa tumbaku vya Kigwa na sehemu nyingine za Tabora jambo hili si dogo. Mbegu ya tumbaku ni ndogo mno, karibu sawa na vumbi, nayo huoteshwa kitaluni wakati wa kiangazi ili miche iwe tayari kuhamishiwa shambani mvua zinapoanza. Kigwa ni kituo cha zamani cha njia ya misafara. Stanley alipita hapo mwaka 1871 akielekea Tabora, na katika njia ile kambi zilipigwa penye maji. Hata leo maji ya kiangazi ndiyo yanayoamua vitalu viwe wapi. Kitalu kikikauka kwa jua kali wakati mbegu inachipua, miche hufa, na mwenye kupanda upya huchelewa, pengine mvua za kwanza zikampita.

Hasara nyingine ni ya vipuri. Desturi iliyozoeleka ni kununua plagi, kisha kabureta, kisha koili, mara nyingine vyote kwa siku moja. Pampu ikipona, hakuna ajuaye kilichoiponya. Isipopona, fedha zimekwisha kwenda, na gharama hiyo mwanachama huja kukutana nayo katika makato yake siku ya malipo.

Injini ndogo ya petroli huhitaji mambo matatu ili izunguke: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche ya umeme kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Joto laweza kuondoa moja na kuyaacha mawili yakiwa mazima. Kwa hiyo swali la kuulizwa ni hili: katika dakika ile ilipozimika, kabla haijapoa, ni lipi lililokosekana? Majaribio hayana budi kufanywa hapo hapo, mashine ikiwa ya moto, na mtu wa kuyafanya ni mwendesha pampu.

Aanze na kifuniko cha tangi. Petroli inapopungua, hewa lazima iingie kushika nafasi yake, nayo huingia kwa tundu dogo lililomo kifunikoni. Tundu likizibwa na vumbi au tope, mvuto hujengeka ndani ya tangi, na petroli ikakataa kushuka kwenye kabureta. Mashine ikisha kuzimika, kifuniko kilegezwe polepole, pasiwe na sigara wala moto karibu. Ikisikika sauti ya hewa ikiingia, kisha mashine ikawaka baada ya dakika chache, ugonjwa umepatikana bila kununua kitu. Wavuvi wa Kigoma na Ujiji wanaujua sana ugonjwa huu, kwa kuwa matangi mengi ya injini za mashua yana skrubu ya hewa juu ya kifuniko, na anayesahau kuifungua huzimikiwa na injini ziwani. Dawa ni kusafisha tundu. Kulipanua kwa msumari ni kukaribisha uchafu na maji, na kuendesha pampu bila kifuniko ni hatari ya moto, maana petroli hurukia ekzosi.

Baada ya kifuniko hufuata cheche. Koili ni waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi na kufunikwa. Ikichakaa, joto hutanua nyufa zilizo ndani na umeme ukakatika. Ikipoa, nyufa hujifunga na umeme ukarudi. Mwendesha pampu awe na plagi ya pili iliyo nzima. Kwanza afunge kifuniko cha tangi na kufuta petroli yoyote iliyomwagika. Kisha achomoe waya wa plagi, auchomeke kwenye plagi ile ya pili, aigusishe na chuma cha injini mbali na tangi, na mwenziwe avute kamba. Plagi ya kwanza ibaki mahali pake, ili mvuke wa petroli usitoke silindani na kushika moto. Kisipoonekana kimulimuli cha cheche mashine ikiwa ya moto, na kikaonekana ikipoa, koili hushukiwa kwa haki.

Lakini hata hapo isinunuliwe bado. Injini nyingi ndogo zina kifaa kinachokata cheche mafuta ya kulainisha yakipungua. Pampu iliyowekwa kwenye mteremko wa ukingo wa bwawa huyapeleka mafuta upande mmoja, kifaa kikadhani yamekwisha, na mashine ikazimwa ingali nzima. Pampu isawazishwe, mafuta yapimwe na kuongezwa, kisha ijaribiwe upya. Koili nyingi zilizotupwa hazikuwa na kosa.

Ikiwa cheche ipo na petroli inashuka, usikilizwe mkono unaovuta kamba. Kamba iliyokuwa nzito asubuhi ikivutika kwa wepesi mashine ikiwa ya moto, mgandamizo umepotea. Mara nyingi sababu ni valvu. Valvu ikilika huzama katika kitako chake na uwazi wake ukapungua; ikipata moto shina lake hurefuka, na isiweze tena kufunga barabara. Fundi hurekebisha uwazi huo kwa geji, injini ikiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Kazi hii haihitaji kipuri.

Yapo na madogo ya kutazamwa: choki iliyosahauliwa ikiwa imefungwa, ambayo hutoa moshi mweusi, majani na vumbi vilivyoziba mapezi ya kupoza silinda, mpira wa petroli uliolazwa juu ya ekzosi hata petroli ikachemka ndani yake. Maji na uchafu katika madumu ya petroli huzimisha mashine wakati wowote, ya moto au ya baridi, hivyo ni shauri jingine.

Katibu anayetaka kusaidia bila kushika spana aweke daftari la pampu. Kila siku iandikwe saa ya kuwasha, kiasi cha petroli tangini, saa ya kuzimika, majibu ya majaribio, na saa ilipowaka tena. Kurasa chache hueleza mengi. Kwa mfano, kama tundu la kifuniko limeziba, pampu yenye tangi lililojaa aghalabu huzimika mapema kuliko yenye tangi nusu. Hewa iliyo juu ya petroli ni kidogo, na mvuto hujengeka upesi. Wengi hutazamia kinyume chake. Koili mbovu haijali kiasi cha petroli. Yenyewe hufuata joto, ikawahi kuzimika mchana wa jua na kuchelewa siku ya mawingu.

Daftari hilo laifaa pia kamati. Ombi la kununua kipuri likiletwa, liambatane na ukurasa unaoonyesha ni jaribio gani lililokitia hatiani, na kipuri cha zamani kirudishwe ghalani kikiwa na kibandiko cha tarehe. Kipuri kipya kikifungwa, kingine kisiguswe mpaka pampu imefanya kazi siku tatu mfululizo. Ikizimika tena ndani ya siku hizo, kile cha zamani bado kiko ghalani na chaweza kurudishwa mahali pake.