Kalori za Baiskeli: Tusihadaiwe na Tarakimu

Baiskeli ya mazoezi, ile isiyotoka mahali pake, ni faraja kwa mama anayetaka kuutunza mwili wake akiwa katika sitara ya nyumba yake. Hahitaji kungoja barabara itulie wala kuchelea vazi lake kunaswa na mnyororo. Mbele ya usukani pana kioo kidogo, na humo tarakimu hupanda kadiri miguu inavyozunguka. Nusu saa ikitimia, kioo humwambia: umeunguza kalori 300. Hapo ndipo penye mtihani, kwani aghalabu tarakimu hiyo huchukuliwa kama akiba iliyowekwa, kisha ikaenda kutumiwa kwenye sinia ya mahamri.

Yafaa basi tujue hesabu hiyo hutoka wapi. Kalori inayotajwa katika vyakula ni kipimo cha nishati: ni joto linalotosha kuipandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mwili hutumia nishati hata mtu akiwa ameketi kimya, maana moyo hudunda na mapafu hupumua. Wataalamu hukadiria matumizi hayo ya mapumziko kuwa kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa moja. Kisha kila zoezi hupewa namba inayoonyesha limezidisha matumizi hayo mara ngapi. Kuendesha baiskeli polepole, chini ya kilomita 16 kwa saa, hupewa 4. Mwendo wa kilomita 16 hadi 19 kwa saa hupewa 6.8.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: zidisha namba ya zoezi kwa uzito wako wa kilo, kisha kwa muda wa saa. Mama mwenye kilo 70 akiendesha polepole kwa nusu saa, atapata 4 mara 70 mara 0.5, yaani kalori 140. Lakini lau angeketi tu mkekani kwa nusu saa hiyo, mwili wake ungetumia kalori 35. Faida halisi ya zoezi ni kalori 105.

Kwa nini basi kioo kikasema 300? Mashine nyingi hazimuulizi mtu uzito wake. Humkadiria kwa uzito waliouchagua watengenezaji. Nyingine hujumlisha pia zile kalori za mapumziko. Barabarani nako mna hitilafu zake. Anayeelekea upepo wa kusi hufanya kazi kubwa kuliko anayesukumwa nao, ingawa mwendo wao ni mmoja.

Wala jasho lisitudanganye. Takriban robo tu ya nishati tunayotumia ndiyo huzungusha pedali. Iliyobaki hugeuka joto, na mwili hujipoza kwa jasho. Katika hari ya pwani jasho ni jingi hata kwa kazi ndogo. Uzito uliopungua kwa jasho hurudi pindi tunywapo maji, na maji hayo ni lazima tuyanywe.

Sasa tuingie jikoni. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya sukari ina 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Kwa hiyo nusu saa nzima ya yule mama haikufikia kijiko kimoja cha mafuta kilichozidishwa mchuzini. Vijiko vitatu vidogo vya sukari katika kikombe cha chai ni karibu kalori 48, na vikombe viwili kwa siku vyakaribia kuimaliza faida yote ya zoezi. Anayetaka kupunguza uzito aanze kwa chungu na birika, kisha baiskeli imsaidie.

Je, tuiache baiskeli? Hasha. Kuzungusha pedali huimarisha moyo, huisaidia misuli kuitumia sukari iliyomo katika damu, na husaidia kushusha shinikizo la damu, hata kama mizani haikusogea. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Nusu saa kwa siku tano yatosha kuufikia mwanzo wa kiwango hicho. Kuujua wastani hakuhitaji kioo: ukiwa waweza kuzungumza lakini pumzi haikutoshi kuimba kaswida, umo ndani yake.

Tarakimu ya kioo nayo ina manufaa ikiwekwa mahali pake. Ilinganishe na ya juma lililopita kwenye baiskeli hiyo hiyo, wala si na ya jirani. Ikipanda kwa muda ule ule, basi miguu yako imeongeza nguvu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari na azungumze na daktari wake kwanza, kwani zoezi laweza kuishusha sukari kupita kiasi. Wengine tuanze kwa dakika kumi baada ya Alasiri, tukiongeza kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, almuradi kibaba chenyewe tusikimwage mezani.