Kamshafti mpya yaweza kuvunja injini nafasi ya valvu isipopimwa

KUBADILISHA kamshafti ni miongoni mwa njia za zamani za kuongeza nguvu za injini ya gari. Hata hivyo, kazi hiyo yaweza kumgharimu mwenye gari injini nzima endapo fundi hatapima kwanza nafasi iliyopo kati ya pistoni na valvu.

Kamshafti ndiyo inayofungua valvu za kuingiza hewa na zile za kutoa moshi. Ile ya magari ya mashindano huwa na vinundu vilivyochongwa virefu zaidi, hivyo huzisukuma valvu ndani zaidi na kuziacha wazi kwa muda mrefu. Injini hupumua vizuri, lakini valvu huisogelea pistoni.

Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde. Vyuma hivyo vikigongana katika kasi hiyo, valvu hupinda au kukatika, na pistoni yaweza kutoboka.

Wengi hudhani kuwa hatari ipo pale valvu inapokuwa imefunguka kabisa. Sivyo, kwani wakati huo pistoni huwa imekwisha kushuka. Hatari ipo pistoni inapokaribia kilele cha mwendo wake, mwishoni mwa hatua ya kutoa moshi, ambapo valvu ya moshi haijafunga kabisa na ya hewa imeanza kufunguka. Kwa kawaida valvu ya moshi huikaribia pistoni zaidi nyuzi kama 10 za mzunguko wa kranki kabla ya kilele, na ya hewa nyuzi kama 10 baada yake.

Njia rahisi ya kupima ni kutumia udongo laini wa kuchezea watoto. Fundi hubandika udongo juu ya pistoni, huupaka oili kidogo usinate kwenye valvu, kisha hurudisha silinda hedi pamoja na gasketi na kukaza bolti kwa kipimo kilichowekwa na mtengenezaji. Baada ya kufunga taimingi sawasawa, huzungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Akihisi kitu kimekwama, hana budi kusimama mara moja.

Silinda hedi ikifunguliwa tena, udongo hukatwa kwa wembe na kupimwa mahali palipo pembamba zaidi. Kwa injini zenye konrodi za chuma, kiwango kinachokubalika na wengi ni angalau milimita 2 kwa valvu ya hewa na milimita 2.5 kwa ya moshi. Ya moshi huhitaji nafasi kubwa zaidi kwa sababu pistoni huifuata kwa nyuma. Springi ikichelewa kuirudisha, itagongwa.

Nafasi ikipungua, fundi anaweza kuchonga mashimo ya valvu juu ya pistoni, kurekebisha taimingi au kuchagua kamshafti ndogo zaidi. Silinda hedi iliyowahi kukwanguliwa na gasketi nyembamba hupunguza nafasi hiyo, hivyo kipimo cha gari moja hakiwezi kutumika kwa jingine, hata kama injini ni za aina moja.

Jambo jingine la kuzingatia ni mkanda wa taimingi. Zipo injini ambazo mkanda ukikatika valvu hazigusi pistoni. Baada ya kufungwa kamshafti kubwa, usalama huo waweza kutoweka, na mwenye gari hulazimika kubadilisha mkanda kwa wakati bila kukosa.